Choma nusu mbichi ni raha yako, lakini bili inalipwa na jirani

Kila mara marafiki wakichanga pesa za choma, ugomvi huwa ni uleule. Kuna yule anayemfokea mchomaji, "Boss, hiyo imetosha, unaikausha!" Kuna yule anayerudisha sahani mara mbili kwa sababu ameona wekundu katikati ya kipande. Na siku hizi kuna wa tatu, aliyekula steki kwenye mkahawa wa Westlands mara moja tu akarudi na somo: ati nyama iliyoiva kabisa ni nyama iliyouawa mara mbili, na watu wanaojua kula huila ikiwa bado inatoa maji mekundu.

Ugomvi huo ukiwa Nairobi ni mzaha wa mezani. Mtacheka, mtapigana picha, mtarudi nyumbani. Ukiuhamisha hadi Moding, kule Teso Kaskazini katika Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Malaba, unageuka kuwa suala la nani atakuwa mzima na nani ataanguka kifafa darasani. Nisikize hadi mwisho, halafu uamue mwenyewe jinsi utakavyoagiza kilo yako wikendi hii.

Meza ya mpakani

Kama hujawahi kufika Malaba, jua kwamba huu ni mji wa kusubiri. Matrela yanayotoka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Congo yanapiga foleni hapa, na dereva anayesubiri ana njaa. Ndiyo maana moshi wa choma hauishi barabarani. Mbuzi, ng'ombe, kuku na, tofauti na miji mingi ya Kenya, nguruwe kwa wingi. Waislamu na Wasabato wanaipita hiyo nyama ya mwisho, lakini kwa Wateso na majirani zao wengi ni kitoweo cha kawaida. Ndani ya vijiji kama vya Moding, nguruwe mmoja au wawili nyuma ya nyumba ndio benki ya familia. Karo ikifika, nguruwe anauzwa.

Sasa weka watu hao wote meza moja, na kila mtu ana yake. Wa kutoka Kampala amezoea muchomo, vipande vilivyotungwa kwenye kijiti, vinashikwa na moto mkali na kuliwa papo hapo. Wa kutoka Kigali anataka mshikaki wake. Mzee wa Moding anataka nyama ichemshwe kwanza, ikaangwe na nyanya na vitunguu, ije na ugali wa wimbi. Kijana wa boda boda hana muda, abiria anangoja: anataka ya haraka. Kuiva kunamaanisha vitu vinne tofauti kwenye meza moja, na kila mmoja anaona mwenzake hajui kula.

Wapenda wekundu wana hoja

Tusiwadharau wanaopenda nyama isiyoiva sana, kwa sababu si kila wanachosema ni maringo.

Kwanza, yale maji mekundu si damu. Mnyama akichinjwa sawasawa, damu nyingi hutoka. Kinachobaki kwenye msuli ni maji yaliyochanganyika na protini iitwayo mayoglobini, ambayo ndiyo hutia nyama rangi. Kwa hivyo rafiki yako anayesema "hiyo inavuja damu" amekosea, hata kama ana sababu nyingine nzuri ya kuikataa.

Pili, kwa steki ya ng'ombe, sayansi iko upande wao kiasi fulani. Bakteria wengi wabaya wanaotoka kichinjioni hukaa juu ya kipande, mahali kisu na mikono ya watu imegusa. Ukikiunguza kipande kizima pande zote, umewaua wengi, hata kama katikati pamebaki pekundu. Lakini nyama hiyo ikisagwa, ile ya juu inaingia ndani, na hesabu inabadilika. Mwaka 1993 nchini Marekani, watoto 4 walifariki na zaidi ya watu 700 wakaugua baada ya baga ambazo hazikuiva vizuri kuuzwa zikiwa na bakteria aina ya E. koli. Kwa hivyo ukiona mtu anaagiza baga yenye wekundu akidai ni sawa na steki, mwambie si sawa hata kidogo.

Tatu, wekundu haukuja na wazungu. Ingia mkahawa wowote wa Kihabeshi jijini Nairobi uagize kitfo, nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa laini na kuchanganywa na siagi yenye viungo. Utaulizwa unaitaka vipi: mbichi kabisa, iliyopashwa moto kidogo, au iliyoiva. Wahabeshi wana jina la kila hatua. Wamaasai nao wana historia yao ndefu ya damu na figo mbichi siku ya kuchinja. Hii ni Afrika, na ni wakubwa wa mila.

Lakini angalia jambo moja ambalo watu husahau kusimulia. Kwa karne nyingi Wahabeshi hao hao wamekuwa wakinywa dawa chungu ya maua ya mti uitwao koso kila baada ya muda. Dawa ya nini? Ya kutoa tegu, yule mnyoo bapa mrefu kama utepe, ambaye waliokula nyama mbichi ya ng'ombe walijua lazima watampata. Yaani hata wenye mila ya nyama mbichi hawakuwahi kudai kwamba ni ya bure. Waliiweka gharama yake kwenye ratiba.

Tegu wa ng'ombe anaudhi na kuaibisha. Anaweza kufika mita kadhaa ndani ya utumbo. Lakini hapandi kichwani. Mshike hapo, kwa sababu tunapofika kwa nguruwe mambo yanabadilika.

Kwa nini Mjerumani haanguki?

Hoja inayorushwa sana mitandaoni ni hii: "Mbona Wajerumani wanakula nguruwe mbichi kabisa?" Ni kweli. Kuna chakula chao kiitwacho Mett, nyama ya nguruwe ya kusaga, mbichi, inapakwa juu ya mkate pamoja na vitunguu na kuliwa asubuhi kama chapati. Hawaanguki ovyo barabarani. Basi, anasema mbishi wako, tatizo ni uoga wetu.

Tatizo liko kwingine, na ni Mjerumani aliyelionyesha. Mwaka 1855, daktari Friedrich Küchenmeister alitaka kuthibitisha kwamba vile vifuko vidogo vyeupe vinavyoonekana kwenye nyama ya baadhi ya nguruwe ni watoto wa tegu. Alipata mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa, akahakikisha analishwa vifuko hivyo ndani ya chakula bila kujua. Baada ya hukumu kutekelezwa, akaupasua utumbo wake na kuwakuta tegu wachanga wameanza kukua. Hakuna kamati ya maadili ingekubali jaribio hilo leo, na ni vizuri hivyo. Lakini jibu lilipatikana: vifuko ni watoto wa tegu, na vinaishi ndani ya msuli, si juu yake.

Rudi sasa kwenye ile hoja ya steki. Kuunguza nje kunafaa kwa sababu adui yuko nje. Kwa nguruwe mwenye tegu, adui amelala katikati ya kipande, pale pale ambapo wewe unataka pabaki pekundu. Moto wa juu haumfikii.

Wajerumani hawakukomea kwenye kumjua adui. Walijenga ukaguzi wa nyama, wakaupitishia sheria ya nchi nzima mwaka 1900, nguruwe wakafungiwa, na vyoo vikaenea hadi vijijini. Tegu wa nguruwe akakosa njia. Kwa hiyo anayekula Mett leo asubuhi anakula juu ya kazi ya zaidi ya miaka mia moja ya mabomba, mabanda na mihuri. Tumbo lake ni kama lako tu. Ukiiga kinywa chake bila kuiga choo chake na banda lake, umeiga nusu ya hadithi.

Nguruwe anatembea

Nguruwe anampataje tegu? Kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu. Sijui niseme vipi kwa upole zaidi. Mtu huyo anajisaidia vichakani kwa sababu choo hakuna, au kipo lakini kimejaa, au kimebomoka mvua ilipopiga. Nguruwe aliyeachiliwa anapita, anakula, mayai yanaanguliwa tumboni mwake na kwenda kutulia kwenye misuli kama vifuko.

Na nguruwe wa huku anatembea kweli. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi zao Busia waliwavisha nguruwe 10 wa vijijini vifaa vya GPS, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kwa wastani, nguruwe mmoja alitembea zaidi ya kilomita 4 kwa saa 12, na karibu nusu ya muda wake alikuwa nje ya boma la mwenyewe. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa na choo safi kabisa nyumbani kwako, lakini nguruwe wako akala vyooni pa watu usiowajua.

Ndiyo maana swali la "nyama iive kiasi gani?" haliwezi kuwa na jibu moja Westlands na Moding. Mkahawa wa Westlands unajua nyama yake imetoka wapi, au unapaswa kujua. Kwenye kibanda cha pembeni mwa barabara, nguruwe uliyeletewa huenda alilala kwa fulani, akala kwa fulani mwingine, na kuchinjwa alfajiri bila mtu yeyote kumkagua.

Aliyekula si yeye anayeumia

Hapa ndipo watu wengi, hata wanaojua habari ya tegu, hukosea.

Wengi wanadhani ukila nguruwe mbichi, minyoo inapanda moja kwa moja kichwani. Haiendi hivyo. Ukila nyama yenye vifuko ambayo haikuiva, unapata tegu tumboni. Mara nyingi huhisi kitu. Pengine tumbo linanguruma kidogo, pengine unaona vipande vyeupe chooni na kuviogopa siku moja. Unaendelea na kazi yako ya boda, ya hoteli, ya kuuza mboga sokoni. Wakati huo tegu wako anatoa vipande, na kila kipande kimebeba maelfu ya mayai.

Mayai hayo yakimwingia mtu mwingine, kupitia mkono usiooshwa, maji ya kisima au mboga mbichi, mwili wake unafanywa kuwa mwili wa nguruwe. Vifuko vinakwenda kwenye misuli, machoni na ubongoni. Kwenye ubongo ndipo degedege na kifafa huanza, mara nyingine miaka mingi baadaye. Nawe mwenye tegu unaweza kujiambukiza mwenyewe kwa mikono yako.

Fikiria basi kachumbari. Yule jamaa asiyegusa nguruwe kwa sababu ya dini yake, anayekula kuku wake peke yake pembeni, anapewa kachumbari iliyokatwa na mikono ya mtu aliyekula choma nusu mbichi miezi mitatu iliyopita na hakunawa vizuri alipotoka chooni. Nani amekula nguruwe? Nani ataugua?

Usidhani naongeza chumvi. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa 4 wa jamii ya Wayahudi washika dini wa jijini New York waliokutwa na vifuko vya tegu wa nguruwe ubongoni. Hao ni watu ambao dini yao imewakataza nguruwe kabisa. Uchunguzi ulielekeza kidole jikoni: wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi ambako tegu huyo yupo, na ambao hawakujua wanambeba. Hapo New York, penye maji ya bomba kila chumba. Moding je?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba katika maeneo mengi ambako nguruwe wanazurura karibu na watu, takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa vinahusiana na tegu huyu. Linakadiria kwamba watu kati ya milioni 2.56 na milioni 8.30 duniani wana vifuko hivyo ubongoni. Hiki ni kifafa ambacho kingeweza kuzuiwa. Tafakari hapo kidogo. Ni mtoto anayeanguka uwanjani wakati wa paredi, wenzake wanakimbia wakiogopa mate yake, nyanya yake anaambiwa ni laana ya ukoo, anatolewa shule. Kumbe chanzo kinaweza kuwa sahani ya mtu mwingine, mwaka mwingine, kijiji kingine.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema "nyama ni yangu, tumbo ni langu, niacheni", namjibu: tumbo ni lako, sawa. Kichwa ni cha jirani.

Mbona basi haiivi?

Ungedhani kila mchomaji wa Malaba angechoma hadi mwisho. Lakini fuata pesa, utaelewa.

Kwenye bucha zetu nyingi zenye jiko, unapimiwa nyama ikiwa mbichi. Kilo yako ikikaa motoni hadi iive kabisa, maji na mafuta yanatoka, na inaweza kurudi ikiwa imepungua kwa robo hivi. Wewe ndiwe uliyelipia hayo maji. Ndiyo maana wateja wenyewe ndio wanaopiga kelele, "Usiikaushe!" Wanalinda uzito wao.

Kwa vijiti vya muchomo, hasara ni ya muuzaji. Kijiti kikikaa sana motoni kinanywea, kinaonekana kidogo, hakiuziki. Juu ya hapo makaa ni ghali. Kwa hivyo moto unawashwa mkali, nje kunapata rangi nzuri ya kahawia, na ndani mambo bado. Dereva naye ameona foleni imesonga. "Funga hivyo hivyo, nitakulia njiani."

Ukaguzi je? Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, ipo tangu zamani, na Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya vichinjio na huduma za mifugo. Nguruwe akikutwa na vifuko vingi, nyama yake inaharibiwa. Sasa jiweke kwenye viatu vya mama aliyekuwa akimtegemea nguruwe huyo kwa karo ya muhula wa pili. Mnyama akiharibiwa, halipwi hata bob moja. Akigundua mapema, kwa mfano akihisi vinundu kwenye ulimi wa nguruwe, njia rahisi ni kumuuza haraka kwa mtu asiyeuliza maswali, achinjwe nyuma ya nyumba. Nyama ile ile inaishia kwenye makaa barabarani. Ukimlaumu huyo mama peke yake, hujaelewa mpango wote ulivyopangwa. Tunamwambia abebe hasara yote ili sisi tubaki salama, halafu tunashangaa akikataa.

Kuna na mtego wa rangi. Julai 2019, runinga ya NTV ilirusha uchunguzi kuhusu kemikali zinazotumiwa kuifanya nyama ionekane nyekundu na mpya madukani. Tangu hapo Wakenya wengi waliacha kuiamini rangi dukani. Ajabu ni kwamba bado tunaiamini rangi kwenye makaa. Kahawia ya nje haithibitishi kuiva, kama vile wekundu wa dukani haukuthibitisha upya.

Iive, isiungue

Kabla hujaenda upande wa pili kabisa, subiri. Kuiva na kuungua ni vitu viwili. Nyama iliyopigwa moto hadi ikawa makaa meusi inatengeneza kemikali ambazo wataalamu wa saratani wanazitilia shaka. Mwaka 2015, shirika la WHO la utafiti wa saratani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kwa hivyo anayelalamika kwamba choma yako imegeuka mkaa naye ana haki.

Mamlaka za chakula za Marekani zinasema kipande kizima cha ng'ombe au nguruwe kifike nyuzi 63 katikati kisha kipumzike dakika 3, na nyama ya kusaga ifike nyuzi 71. Najua hakuna mtu atakayebeba kipimajoto hadi Malaba. Kwa nguruwe wa huku, kanuni ya macho inatosha: kata kipande kinene kuliko vyote katikati. Ukiona waridi, rudisha. Maji yanayotoka yawe meupe. Usiogope kuitwa mshamba.

Halafu kuna busara ya wazee wa Moding ambayo vijana wanaiona ya kizamani: kuchemsha kwanza, kisha kukaanga. Nyama inaiva hadi ndani bila kuungua, na mchuzi unabaki na yale maji uliyolipia. Hiyo sufuria ilijibu swali letu zamani, kabla ya sisi kuanza kubishana mitandaoni. Ukitaka ladha ya moshi, ichemshe kidogo, ikatwe vipande vidogo, ndipo iende kwenye makaa.

Lakini kuna jambo moto hauwezi kutibu. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, achana nayo, hata bei iwe tamu vipi. Kimeta, kwa mfano, huambukiza tangu mkono wa anayechuna, na vijidudu vyake huvumilia joto kuliko unavyofikiri.

Wewe ufanye nini?

Ukiwa mteja, uliza nyama imetoka wapi na kama imepigwa muhuri. Wateja kumi wakiuliza swali hilo kwa siku, mwenye kibanda ataanza kutafuta nyama yenye muhuri. Kubali kupoteza robo ya uzito. Ni bei ndogo kuliko unavyodhani. Na kabla ya kuulizia nyama, angalia pa kunawia: maji yapo? Sabuni ipo? Kibanda ambacho mpishi hana pa kunawa ni hatari kwako hata ukiagiza maharagwe.

Ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo chako, usione aibu na usijinunulie dawa dukani. Nenda hospitalini useme wazi. Dawa ya kumtoa tegu ipo, lakini kwa mtu mwenye vifuko kichwani bila kujua, dawa hiyo inaweza kumletea degedege. Daktari ndiye wa kuamua. Na mtu akianguka kifafa mbele yako, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, na usimtie kijiko mdomoni. Akisimama, mpeleke kwa daktari. Kifafa kina dawa.

Ukiwa mpiga kura wa Busia, una swali la kumuuliza kila anayekuja na fulana na mdundo. Chanjo ya nguruwe dhidi ya tegu huyu ipo. Majaribio ya kuitoa pamoja na dawa ya minyoo ya nguruwe yamefanywa Tanzania, Zambia na ng'ambo tu ya mpaka, Uganda, na yakaonyesha kwamba vifuko vinaweza kuzuiwa. WHO imeweka lengo la kuona nchi 17 zimeongeza nguvu ya kumdhibiti tegu huyu ifikapo 2030. Kaunti yako ina mpango gani? Wakaguzi wangapi wanafika Moding, na siku ngapi kwa wiki? Mfugaji aliyemleta nguruwe mgonjwa kwa hiari atafidiwa na nani? Vyoo vya soko vinafungwa saa ngapi, na wauzaji wanaobaki usiku wanajisaidia wapi?

Hayo maswali hayafurahishi kama kubishana kuhusu steki. Lakini ndiyo yaliyowapa Wajerumani ruhusa ya kula walavyo. Siku tutakapoweza kuyajibu, nitakuwa wa kwanza kukuacha ule nguruwe wako upendavyo, hata akiwa na waridi katikati. Kwa leo, mwambie mchomaji airudishe motoni, na ulipe makaa ya ziada bila kununa.